Jinsi Tulivyojifunza Neno Fea

Mume wangu alijifunza Kiingereza jikoni. Kabla hatujaoana alikaa Unguja akimpikia Mwingereza mmoja na mkewe, na lugha aliyorudi nayo Mafia ilikuwa lugha ya sufuria na sahani: moto, baridi, chumvi imezidi, lete, ondoa, kesho. Hakuwahi kusoma kitabu cha Kiingereza hata kimoja. Maneno aliyanasa kwa sikio, na maana zake alizikisia kwa kumtazama usoni anayesema na kuangalia mkono wake unaelekea wapi. Mara nyingi alikisia vizuri.

Nilipoolewa naye nilitaka kujua kila alichokijua. Baada ya alasiri nilikuwa nakaa kibarazani nikisuka mkeka, naye akikaa kando yangu kunichania ukindu, kazi ambayo wanaume wengine wa mtaa wetu wasingekubali kuonekana wakiifanya. Nikimwomba neno alinipa, nami nililirudia mpaka anyamaze, maana akinyamaza nilijua nimelipata. Siku hizo Kiingereza hakikuwa na faida yoyote kisiwani. Serikali ilikuwa ya Wadachi, yaani Wajerumani, na aliyetaka kazi ya boma alihangaika na Kidachi. Sisi tulijifunza kwa kupenda tu, kama wengine wanavyopenda bao.

Katika maneno aliyonipa lilikuwamo moja ambalo Waingereza huliandika "fair", na sisi tukilitamka fea. Alilipata kwa yule bibi wa kizungu. Asubuhi alikuwa akifungua dirisha, na akiona mbingu haina wingu alisema fea. Tena alikuwa na mabinti wawili, mmoja mwenye nywele nyeusi, na mwingine mwenye nywele za rangi ya majani makavu na ngozi kama maziwa. Wageni wakimwona huyu wa pili walimsifu, na katika sifa zao neno lilikuwa lile lile, fea. Mume wangu akayaweka mambo hayo mawili pamoja akapata jibu: fea ni weupe. Mbingu nyeupe, mtoto mweupe. Nami nikalipokea hivyo. Hata leo nikilifikiria sioni kwamba alikosea sana, maana sisi wenyewe tunasema mbingu nyeupe, na mtu mweupe, na moyo mweupe.

Kisha vita vya wazungu vikafika kwetu. Tulisikia mizinga upande wa kusini, tukakimbilia mashambani, na tulipotoka bendera ya boma la Kilindoni ilikuwa nyingine. Waingereza wakauliza nani kisiwani anajua lugha yao. Watu wakamtaja mume wangu. Aliondoka nyumbani akiwa na hofu ya kufungwa, akarudi jioni akiwa mkalimani. Nakumbuka alisimama mlangoni akacheka peke yake, halafu akaniambia kwamba mambo ya jikoni ataweza, ila hajui atafanya nini wakianza kusema mambo ya barazani.

Hapo sina budi kueleza habari za mama yangu. Mama alizaliwa mtumwa. Nalisema wazi kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Mama yake alikuwa mtumwa katika nyumba ya tajiri mmoja mwenye asili ya Oman, mwenye mashamba ya minazi juu ya Kilindoni, na mama akazaliwa humo humo. Mwaka ule ule tajiri alipata binti. Wakakua pamoja, mmoja akilala kitandani na mwingine kwenye mkeka chini ya kitanda, na mchana wakicheza mdako kwa komwe zile zile. Walipovunja ungo kila mmoja alifundwa mahali pake, na tangu hapo mama akawa anamwita mwenzake Bibi. Mimi pia nilimwita hivyo.

Tajiri alipougua maradhi aliyofia, alimwacha mama huru kwa ajili ya Mungu. Akamtajia kipande cha ardhi nyuma ya kisima, akamwambia apande minazi, itakuwa yake na watoto wake. Hakuna aliyeandika kitu. Watu walisikia, ikatosha. Mama akapanda. Nilizaliwa minazi ile ikiwa bado michanga, na ilipoanza kuzaa nilikuwa nimeota meno ya pili. Nilivaa kutokana na minazi ile, nikala kutokana nayo, na siku ya harusi yangu watu walikula wali wa nazi zake.

Miaka ikapita, na waliosikia maneno ya tajiri wakafa mmoja mmoja. Bibi alirithi ardhi ya baba yake. Vita vilipofunga njia za biashara, mbata, zile nazi zilizokaushwa, zikakosa mnunuzi, na nyumba kubwa ile ikaanza kuona dhiki kama nyumba nyingine. Siku moja Bibi akatuma wakwezi waangue nazi za mama. Mama akavumilia. Walipokuja mara ya pili alijitanda kanga yake akaja kwetu, akamuuliza mume wangu kama wazungu hawa wapya wanasikiliza mashauri ya watu kama yeye. Mume wangu akamjibu kwamba hajui, lakini atauliza. Akauliza, akaambiwa mama aje, na Bibi akaitwa.

Baraza lilikuwa mbele ya boma, asubuhi. Mzungu aliyesikiliza alikuwa kijana mwembamba, macho yamegeuka manjano kwa homa. Bibi alikuja juu ya punda na kiti chake kikabebwa nyuma yake, akakaa. Mama na mimi tulikaa chini. Bibi alisema kwa ufupi kwamba ardhi ni ya baba yake, na kilichoota juu yake ni chake. Mama akasema aliambiwa apande. Alipoulizwa nani alisikia, akasema wamekufa. Nilimwona akimtazama Bibi. Bibi alikuwa akitazama mikono yake.

Mzungu alifikiri, kisha akasema maneno marefu, na ndani yake nilisikia fea zaidi ya mara moja. Mume wangu alisimama. Akasema, "Bwana anasema shauri hili atalikata kesho kutwa, naye atalikata kwa weupe."

Watu walinyamaza. Kisha nyuso zikageuka, zikamtazama Bibi, zikamtazama mama. Bibi alikuwa mweupe kama wahenga wake, mama alikuwa mweusi kama mimi. Nyuma kabisa mtu mmoja akacheka puani. Mama akainuka, akakung'uta mchanga kwenye kanga, akaondoka bila kumuaga mtu.

Nilimfuata. Njia nzima alisema maneno matatu tu: "Hata serikali mpya." Alipofika nyumbani alianza kukunja mikeka yake na kufunga vyungu. Alikuwa na dada yake kijijini Bweni, akasema atakwenda kukaa huko, kwani hana nguvu ya kukaa hapa akitazama watu wakikwea minazi yake. Nililia. Akaniambia niache kulia nimshikie ncha ya kamba.

Nilirudi kwangu nikamkuta mume wangu amekaa kibarazani. Hakuwa amefahamu kwa nini watu walinyamaza vile. Nilipomweleza alishika kichwa. Alisema alikuwa anafikiria ile mbingu ya Unguja, jambo lililo safi, lisilo na wingu, na kwamba rangi za watu hazikumpitikia kabisa akilini. Nilimuuliza kama ana hakika mzungu hakukusudia rangi. Akasema hajui. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hakuwa na hakika.

Tukiwa katika hali hiyo tukasikia kwato za punda. Alikuwa Bibi, peke yake, na sikuwa nimewahi kumwona akitoka peke yake tangu kuzaliwa kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Hakushuka. Alimuuliza mume wangu, "Mzungu alisema neno gani? Nataka neno lake, si lako."

"Fea, Bibi."

"Nalo maana yake nini?"

"Weupe. Kwa nilivyolijua mimi."

Bibi akajiweka sawa juu ya punda wake. Kisha akasema, "Mimi nilikwenda pale kudai ardhi ya baba yangu. Sikwenda kudai rangi yangu. Nikishinda kwa rangi, nitatembea vipi mbele za watu? Nenda ukamuulize tena."

Mume wangu akamwomba radhi, akasema akienda kuuliza mzungu atajua kwamba mkalimani wake hajui maneno, na kazi itakuwa imekwisha hapo. Bibi akamwambia kwamba basi yeye mwenyewe atauliza, na mume wangu atachukua sauti yake tu. Akaniamuru nami nije, kwa kuwa haikumpendeza kwenda peke yake kwa wanaume. Ndiyo tukaenda watu watatu, nikiongoza punda kwa kamba.

Tulimkuta mzungu amelala kwenye kiti kirefu barazani, amejifunika blanketi katika joto lile. Mume wangu akamjulia hali kwanza, kama ilivyo ada. Mzungu akajibu neno moja: fea. Mume wangu akatugeukia, jasho linamtoka, akasema kwa sauti ya chini, "Anasema yeye mweupe." Nikamtazama mgonjwa yule, na kweli alikuwa mweupe kupita kiasi. Nilijiziba kanga mdomoni nisicheke.

Lakini hapo ndipo mume wangu alipofanya jambo ninalompendea mpaka leo. Hakuzungusha maneno. Alimwambia mzungu kwa Kiingereza chake cha jikoni kwamba neno lile halijui, na kwamba kwa sababu hiyo mwanamke mmoja anafunga mizigo yake. Alitegemea kufukuzwa. Mzungu akajiinua kitini, akaanza kueleza polepole, kama anayesema na mtoto, naye mume wangu akitufasiria kila kipande.

Alisema kwamba kweli, mbingu isiyo na mawingu ni fea. Kweli pia, mtu mweupe mwenye nywele za manjano ni fea. Na mtu akiulizwa hali akajibu fea, maana yake si mzima sana wala si mgonjwa sana, hali ya wastani, kama sisi tunavyosema hivi hivi tu. Lakini alilolisema barazani halikuwa mojawapo ya hayo. Akatafuta namna ya kulionyesha. Akachukua vikombe viwili akavitia maji, vikawa sawa.

"Sawasawa?" akauliza mume wangu.

Mzungu akatikisa kichwa kukataa. Alimnyoshea kidole askari aliyekuwa akilinda lango, aliyesimama juani tangu asubuhi. Kisha akajinyoshea kidole mwenyewe, aliyelala kivulini. Akachukua maji ya kikombe kimoja akayaongeza katika kingine mpaka kikajaa pomoni, akamwita askari akampa anywe. Fea, akasema.

"Huruma?" akauliza mume wangu.

Si huruma. Mzungu alisema yule amesimama juani, kwa hiyo maji yale ni stahili yake, hakupewa kwa kuonewa huruma. Mume wangu alisugua paji la uso. Alitafuta neno, na niliona kwamba analo kooni lakini halitoki.

"Insafu," akasema Bibi kutoka nyuma ya kanga zake. Tukageuka. "Kila mtu apewe kilicho chake. Asizidishiwe, wala asipunjwe. Baba alikuwa akilisema siku zote. Mwambie bwana kwamba neno hilo tunalo, tena ni la zamani."

Mume wangu akamweleza mzungu. Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akafurahi, kisha homa ikamrudia, akajifunika tena. Tukaondoka.

Njiani mume wangu alikuwa mwepesi kama aliyeteremshwa mzigo, alitaka kuongea, lakini nilimkonyeza anyamaze, kwani nilimwona Bibi jinsi alivyokaa juu ya punda. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Tulipofika njia panda ya kwenda nyumbani kwake alivuta kamba mikononi mwangu, punda akasimama.

"Mama yako yuko wapi?"

Nilimwambia yuko kwake, anajiandaa kwenda Bweni.

"Nipeleke."

Mama alikuwa amesimama uani, mizigo imefungwa tayari. Alimwamkia shikamoo kwa mazoea, na Bibi hakuitikia. Alishuka, akakaa kwenye kinu kilichokuwa kimelazwa pale, kitu ambacho sikuwahi kufikiri nitakiona. Ndipo akasema, "Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji wa baba alipokwambia upande. Nilisikia yote."

"Najua," akasema mama. "Nilikuona."

"Mbona hukunitaja barazani?"

Mama alifungua fundo moja la kamba akalifunga tena. "Ningekutaja wangekuapisha," akasema. "Sikutaka uape uongo mbele ya watu."

Bibi hakulia, lakini aliomba maji. Nilimletea kwenye kata, akanywa kidogo kidogo mpaka yakaisha. Kisha akamwambia mama kwamba mizigo ile haina safari, aifungue.

Siku ya baraza ilipofika watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, kwani habari zilikuwa zimeenea. Mume wangu alisimama kabla ya mzungu kusema lolote, akawaambia watu kwamba juzi alikosea. Bwana hakusema weupe, alisema insafu. Nilisikia pumzi za watu zikishuka. Bibi akaeleza aliyoyasikia kwa baba yake, kwa sauti ambayo hata waliosimama nyuma waliisikia. Kwa hiyo shauri likawa jepesi: ardhi ikabaki ya Bibi, minazi ikawa ya mama, na wakwezi wa Bibi wasiiguse tena. Jua halijawa kali tulikuwa tumekwisha kurudi nyumbani.

Sitaki mtu adhani kwamba tangu siku ile mama na Bibi walikuwa kama ndugu. Wapwa wa Bibi walinuna kwa muda mrefu, na mama aliendelea kumwita Bibi mpaka mwisho. Lakini nilipojifungua binti yangu wa kwanza, Bibi alikuja na ubani na nguo ya mtoto. Kiti kilipoletwa alikikataa, akakaa kwenye mkeka kando ya mama. Walikaa mchana kutwa wakiongea mambo ya utoto ambayo sikuyajua, na mara mbili nilimsikia mama akicheka kwa sauti.

Neno lenyewe likaenea Kilindoni. Watu wakalichukua kama walivyochukua kofia na mabati ya biskuti. Wachuuzi sokoni waliambiana fea, na watoto wakigombea samaki walilia si fea, si fea. Kisha ikaja siku ngumu. Waingereza walitaka wanaume wa kubebea jeshi mizigo kule bara, upande wa Rufiji, na mume wangu akatakiwa kusoma amri ile mbele ya watu. Alipomaliza, mvuvi mmoja mtu mzima akauliza kama jambo hilo ni fea. Hakupiga kelele, aliuliza tu, na mume wangu alilifikisha swali kama lilivyoulizwa. Mzungu alikuwa mwingine sasa, yule mgonjwa alikuwa amekwisha ondoka. Huyu aliangalia viatu vyake. Wanaume wakachukuliwa, na baadhi yao hawakurudi. Jioni ile mume wangu hakula. Aliniambia kwamba angalau swali limeulizwa, tena kwa lugha ambayo mzungu hawezi kusema hakuifahamu. Nilikubaliana naye, nikamsogezea chakula tena, akala kidogo.

Baada ya vita kwisha kibaraza chetu kilibadilika. Wanawake wa mtaani walianza kuja alasiri na ukindu wao, na wakati mikono inasuka, mume wangu alitupa maneno. Alikuwa na njia mpya ya kufundisha. Hakutoa tena neno moja na maana moja. Alituambia neno hili likisemwa juu ya mbingu ni hivi, likisemwa juu ya mtu ni hivi, likisemwa juu ya shauri ni hivi, na sisi tulimtajia mifano mpaka achoke. Kuna jirani aliyesema samaki wake wa siku ile ni fea, si wakubwa wala si wadogo, na mume wangu alimsifu kuliko wote.

Siku moja Bibi akamtuma mjukuu wake wa kike aje kukaa nasi kibarazani ajifunze. Kwa upande wake akanialika nyumbani kwake asubuhi, akanifundisha kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, jambo ambalo mtoto wa mtumwa hakulitazamia katika nyumba ile. Nilianza na alifu kama watoto wadogo, na mtoto wangu mgongoni.

Mjukuu yule alikuwa na akili kali. Aliuliza maswali ambayo sisi wakubwa hatukuyafikiria. Alasiri moja aliuliza Waingereza wana neno gani kwa mtu ambaye si mkarimu wala si mchoyo, ila hutoa akikumbushwa. Sote tukacheka, kwa kuwa tulijua anamsema bibi yake. Mume wangu alifikiri kwa muda, ukindu umesimama mkononi.

"Hilo silijui," akasema. "Kesho nitauliza."

Akaendelea kuchana ukindu.